Sura ya Saba, Mara ya Nne

Machi 6, Alhamisi

Nimenunua daftari hili kwa sababu leo mhariri ameniambia kwa mdomo wake kwamba kitabu changu kitaingia mtamboni mvua zikiisha. Nataka nibaki na kumbukumbu ya miezi hii ya mwisho ya kungoja, maana ya mwanzo imeshanichanganyikia. Mswada niliupeleka kwake miaka mitano iliyopita. Barua ya kuukubali ilikuja mwaka wa pili: tutakichapa, baada ya marekebisho madogo, na tafadhali usiupeleke kwingine. Tangu hapo nimekuwa mtu wa marekebisho madogo.

Ofisi iko ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu lisilo na lifti. Mhariri ni mzee mrefu, mkimya, shati lake limenyooshwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, na kalamu yake ni ya wino wa kijani. Leo alisoma sura ya saba, ile ambayo mama anafunga mlango alfajiri na kuwaacha watoto wake wamelala. Akaugonga ukurasa kwa kidole.

“Kwa nini haagi?”

“Akiaga hataweza kuondoka, mzee.”

“Msomaji hatamsamehe. Mwache aage.”

Nikasema sawa. Siku zote nasema sawa.

Mlangoni anakaa mwanamke wa makamo mwenye funguo nyingi zinazoning'inia shingoni. Mimi namwita Bi Funguo, kimoyomoyo. Miaka yote hii hajanionyesha jino. Nilipokuwa natoka akaniuliza, “Dada, huchoki na ngazi hizi?”

“Miguu ni yangu,” nikamjibu.

Nilipofika chini mvua ya kwanza ilikuwa imeanza.

Machi 9

Mvua. Nimeanza kuiandika upya sura ya saba. Mama wa watu haelewi aage vipi, na mimi sielewi nimsaidieje.

Machi 14

Kazini. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Daktari anapima kinywa cha mgonjwa kule mbele. Mimi niko chumba cha nyuma na plasta, nta na moto mdogo. Nachonga, napanga, nasugua msasa. Ukiharakisha nta inajikunja, ukichelewa inaganda. Watu wakiniuliza nimepata wapi moyo wa kungoja kitabu miaka mitano, nawaambia waje wakae nami siku moja.

Leo Daktari ameniita. Anafungua kliniki ya pili, mji mwingine, safari ya siku nzima. Anataka niende nikaiongoze karakana ya huko: mafundi wanne chini yangu, na chumba chenye madirisha.

“Nipe jibu kabla ya katikati ya Aprili,” alisema. “Sitaki mwingine. Lakini nikikukosa wewe nitamchukua mwingine.”

Machi 20

Nimemaliza sura. Mama ameaga. Nimeisoma kwa sauti, Baba akisikiliza huku anamenya viazi. Alikuwa dereva wa treni miaka thelathini na minne. Siku hizi anaendesha jiko langu.

“Kwa hiyo sasa anaaga,” alisema.

“Mhariri ndiye aliyetaka.”

“Na wewe ulitaka nini, Mama Kitabu?”

“Mimi nataka kichapwe.”

Akarudi kwenye viazi vyake. “Treni yangu ingechelewa hivi ningefukuzwa kazi siku ya pili,” akasema. Tulicheka wote wawili.

Machi 27, Alhamisi

Maji yanashuka kwenye ukuta wa ngazi kama mtu amesahau bomba wazi. Wahasibu wa ghorofa ya pili wamehama; mlangoni kuna kufuli jipya, na chini yake rundo la barua ambazo hakuna aliyezichukua.

Mhariri alisoma sura mpya polepole. Halafu akaugonga ukurasa.

“Kwa nini anaaga?”

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Mtu anayeondoka namna hii haagi,” aliendelea. “Umeharibu sura nzuri. Mwache aondoke kimya.”

Nilitaka kumkumbusha. Lakini alikuwa ananitazama kwa ukali ule ule ulionifanya nimheshimu tangu siku ya kwanza, nikajiambia: huyu mtu ananipima. Anataka kujua kama nakiamini ninachokiandika, au naandika kile ninachoambiwa. Nimerudi nyumbani na aibu, na kwa namna fulani na furaha.

Jambo moja limenikaa. Alipokuwa anasoma kwa sauti, meno yake ya juu yalikuwa yanaanguka na kugonga ya chini. Tak. Sikio langu lilisikia kabla sijatazama. Watu hudhani meno ya bandia yakilegea ni kosa la fundi. Mara nyingi meno ni yale yale. Kinywa ndicho kinachopungua. Mtu akikonda, ufizi nao unakonda. Mhariri haonekani mgonjwa. Shati lake lilikuwa limenyooka kama kawaida. Lakini halijai tena shingoni.

Machi 31

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Baba ameweka sufuria tatu chini ya dari. Anasema kila moja ina sauti yake, na kwamba ile ya kushoto haijui muziki.

Aprili 10, Alhamisi

Naandika haya kwenye kibanda cha chai mkabala na jengo, kwa sababu nikifika nyumbani nitajishawishi kwamba hayakuwa hivi.

Nilimpelekea sura ya saba ikiwa imerudi kama ilivyokuwa, mama akiondoka kimya. Alinisalimu vizuri, akanitafutia kiti mwenyewe. Akasoma. Tak, tak. Akaugonga ukurasa.

“Kwa nini haagi?”

Safari hii nilicheka. Nilidhani ni utani wetu sasa. Hakucheka. Alingoja jibu, uso mtupu kabisa, kama mtu aliyeuliza saa.

“Mzee, mwezi uliopita uliniambia aage, nikaandika. Halafu ukaniambia asiage.”

Macho yake yaliniacha, yakaenda mlangoni. Bi Funguo alikuwa amesimama pale. Sijui alisimama tangu lini.

“Mhariri anamaanisha uongeze sababu kidogo,” alisema yeye. “Aya moja tu.”

“Aya moja,” mhariri akarudia. “Hasa.”

Nikauliza kuhusu mtambo, kama tarehe iko pale pale. Bi Funguo ndiye aliyejibu: mvua zikiisha. Nikamweleza mhariri kuhusu kazi ya mji mwingine, kwamba natakiwa kujibu, kwamba nikienda itakuwa vigumu kupanda ngazi hizi. Hapo alichangamka. Akaninyooshea ile kalamu ya kijani.

“Usiende mbali, mwandishi. Tunakuhitaji karibu.”

Nilimwona Bi Funguo akifungua mdomo. Nilimngoja. Akaufunga.

Aprili 11

Nimemwambia Daktari hapana.

“Kwa ajili ya kitabu?” aliuliza.

“Kwa ajili ya kitabu.”

Akavua miwani, akaifuta kwa koti lake, akaivaa tena. “Haya,” alisema. Kazi ya leo ilikuwa seti mbili kamili na jino moja la mbele la bibi harusi.

Aprili 12

Nimemwambia Baba. Hakufanya mzaha wowote. Hilo ndilo lililonitisha.

Aprili 19

Siku ya sita mfululizo inanyesha. Nimepiga simu ofisini mara nne. Inaita mpaka inakata.

Aprili 24, Alhamisi

Mtu amechora X nyekundu ya kubomolewa kwenye mlango mkubwa wa jengo, rangi ikachuruzika na mvua. Ghorofa ya kwanza tupu. Ya pili tupu. Kila mlango uliofungwa una alama ya vumbi pale kilipokuwa kibao. Niliposimama kupumzika nilisikia plasta ikidondoka mahali fulani, kipande kimoja, kisha baada ya muda kingine.

Bi Funguo alikuwa mlangoni, si kwenye kiti chake bali amesimama, mkono mmoja kwenye fremu.

“Leo hapokei. Ana homa.”

“Yuko ndani?”

“Yuko nyumbani.”

Lakini nilimsikia. Sauti yake ilikuwa inatoka chumba cha ndani, ya furaha, yenye adabu, ikimkaribisha mtu akae. “Karibu, karibu, mwandishi. Tumesoma kazi yako.” Ikanyamaza, kama anasikiliza jibu. Ikaendelea.

“Yuko na nani?” nikauliza.

Bi Funguo alinitazama. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba ana pua ile ile ya mhariri, na kimo kile kile. “Nipe karatasi zako, dada,” alisema. “Nitampa.”

Nikampa. Mara ya nne naandika sura ya saba, nimeikabidhi kwenye mlango kama mtu anayepeleka chakula hospitali. Nilishuka mbio na sikugeuka.

Aprili 30

Sijaandika kitu. Nimeshindwa hata kusoma. Kinachoniudhi ni kwamba ninajua. Fundi wa meno ndani yangu amejua tangu Machi. Mwandishi ndiye anayekataa.

Mei 3, Jumamosi

Baba alinituma misumari ya kupigilia bati. Mwenye duka alinipimia, akachana karatasi kutoka kwenye rundo, akaifungia. Nimefungua mfuko huo mezani nyumbani.

Ni ukurasa wa mswada. Umepigwa chapa, mistari imeachana, namba 118 juu. Hadithi ya mtu mwingine: mwanamume anangoja matokeo ya damu kwenye korido ya hospitali. Pembeni, kwa wino wa kijani: “Asiseme anaogopa. Mwoneshe anahesabu vigae.”

Nimerudi dukani na mvua yote.

“Karatasi hizi umezipata wapi?”

“Zinauzwa kwa kilo, mama. Pale kwenye jengo linalobomolewa. Zimeandikwa upande mmoja tu, safi kabisa.”

Nimepekua rundo lote mwenye duka akinitazama kama nimerukwa na akili. Waandishi watano au sita, wote wamekatwa katikati ya sentensi. Mswada wangu sikuuona.

Kesho Jumapili. Jengo litakuwa limefungwa.

Mei 5, Jumatatu

Nitaiandika kama ilivyokuwa.

Nilifika saa tatu asubuhi. Mlangoni kulikuwa na mizani na wanaume watatu wakishusha magunia. Mmoja alinizuia, akaniambia juu hakuna usalama, dari la ghorofa ya tatu limeanza kushuka. Nikampita. Ngazi zilikuwa zimejaa karatasi zilizolowa, nilikuwa nakanyaga maneno ya watu.

Ofisi haikuwa na mlango tena. Nusu ya dari ilikuwa sakafuni na maji yalikuwa yanaingia wazi. Bi Funguo alikuwa amepiga magoti katikati ya mafaili, mikono ya gauni imekunjwa mpaka mabegani, anapekua. Alipouona uso wangu hakuinuka.

“Nautafuta,” alisema. “Naapa nautafuta.”

Mhariri alikuwa amekaa karibu na dirisha, kwenye upande uliokauka, amevaa suti. Hakuwa na meno. Kinywa chake kilikuwa kimeingia ndani na uso wote umefuata. Mimi huwaona watu hivyo kila siku, ndiyo kazi yangu, lakini yeye nilishindwa kumtazama.

“Karibu,” alisema. “Wewe ni mwandishi?”

“Ndiyo, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Umeleta nini?”

Mkononi nilikuwa na ukurasa wa misumari, ule namba 118, umetoboka matundu. Akaunyoosha kwenye goti, akatoa kalamu ya kijani mfukoni, akaanza kuusahihisha. Aliondoa neno moja. Akahamisha koma. Nilisimama nyuma yake nikatazama, na Mungu anisamehe, alikuwa sahihi.

“Ni baba yangu,” Bi Funguo alisema kutoka chini.

“Nimejua.”

“Nilitaka kukuambia.”

“Lini?”

“Kila mara. Nilikuwa nakuuliza kama huchoki.”

“Kumwuliza mtu kama anachoka si kumwambia!” Nilipiga kelele. Wale wa magunia walisimama kwenye ngazi. “Nimekataa kazi! Umesimama pale mlangoni umesikia nikimwambia. Ulifungua mdomo, nilikuona!”

“Nilifungua.”

“Mtambo uko wapi?”

“Uliuzwa mwaka juzi. Kitabu cha mwisho kilitoka mwaka huo. Washirika wake wakaondoka, tukabaki sisi wawili.”

“Na barua? Barua ya kunikubali nani aliandika?”

“Ile aliandika mwenyewe, akiwa mzima. Zilizofuata ni zangu.” Alikuwa anakunja ncha ya faili na kuikunjua. “Kusahau kulianza baada ya barua yako kwa miezi michache. Waandishi wengine wakaacha kuja mmoja mmoja, wakakasirika, wakaenda kwingine. Wewe hukukasirika. Kila Alhamisi uliyosema utakuja, alikuwa anaamka mwenyewe. Anaoga mwenyewe. Anataka shati. Siku nyingine zote simpati, dada, namwita Baba ananiangalia kama muuza nguo. Lakini Alhamisi yako anakuwa mhariri. Ningekuambia nini? Usije?”

Nilitaka kumpiga. Naandika hapa kwa sababu ni kweli. Nilitaka pia kukaa naye chini pale kwenye maji. Sikufanya lolote.

Mhariri alinirudishia ukurasa wangu wa misumari. “Kazi nzuri,” alisema. “Lakini usiharakishe.”

Kipande kingine cha dari kiliangukia meza yake. Yule mwanaume wa magunia akaja akamshika mhariri mkono, taratibu, akamwambia mzee twende chini, na yeye akaenda, akiniomba radhi kwamba mkutano wetu umekatizwa. Bi Funguo aliniambia niondoke, yeye amebakiza kabati moja la chuma ambalo funguo yake haikubali. Nikachukua zile funguo shingoni mwake. Ya kumi na moja ilikubali nilipoipindisha kidogo. Vidole vyangu vimezoea vitu vidogo.

Mswada wangu ulikuwa rafu ya chini, umefungwa kamba. Si zile nakala nilizokuwa napeleka miaka hii mitatu. Ule wa kwanza.

Tulishuka pamoja. Chini nikaondoka upande wangu na yeye akabaki anamfunga baba yake vifungo vya koti.

Mei 6

Sijaenda kazini.

Mei 8

Nimefungua kamba.

Kurasa mia tatu na kumi na mbili, na hakuna hata moja isiyo na kijani. Ameusoma wote, akiwa mzima. Amekata pale nilipopiga domo. Ameuliza maswali ambayo sikujua kwamba niliyakimbia. Ukurasa wa 40 ameandika, “Hapa unadanganya, na unajua.” Ukurasa wa 41, “Samahani. Lakini unajua.” Mwishoni kuna tarehe, majuma matatu baada ya barua ya kunikubali, na mstari mmoja: “Upo tayari baada ya haya. Sura ya saba isiguswe.”

Nimelia mpaka Baba akaja na taulo la vyombo.

Mei 9

Baba ameusoma mstari ule.

“Kwa hiyo kitabu kilikuwa tayari miaka mitatu iliyopita,” alisema. “Kimelala kabatini.”

“Ndiyo.”

“Na wewe ulikuwa unapanda ngazi.”

“Ndiyo, Baba.”

“Sijui nicheke au nichukue shoka.” Halafu akaniuliza nimekula.

Mei 15, Alhamisi

Nafanya kazi kila asubuhi kabla ya kliniki. Nafuata kijani. Leo nimepigiwa simu na Bi Funguo, sikupokea.

Mei 22, Alhamisi

Amepiga tena. Sikupokea.

Mei 27

Daktari amempata fundi mwingine wa kule. Kijana mzuri, mkono mwepesi. Nimemfundisha jinsi ninavyopanga meno ya mbele. Alinishukuru mara tano.

Juni 5, Alhamisi

Bi Funguo hakupiga. Nimekaa na simu mezani siku nzima, seti moja ya meno nimeikosea rangi.

Juni 12

Jua, siku ya tatu. Nimemaliza. Sura ya saba iko kama ilivyozaliwa. Nimeupeleka mswada kwenye nyumba nyingine ya uchapishaji, nimeweka nakala mbili nyumbani, na nimewaambia kwa maandishi kwamba baada ya miezi minne bila jibu nitaupeleka kwingine, wapende wasipende. Sijawahi kumwekea mtu yeyote muda.

Nilipopita mtaa ule, jengo lilikuwa kifusi. Upande mmoja wa ngazi bado umesimama, unapanda hewani.

Oktoba 16, Alhamisi

Sijagusa daftari tangu Juni. Naandika leo ili nilifunge.

Barua imekuja juzi. Wamekikubali, wametuma na mkataba, wenye tarehe. Mhariri wao wa huko, mwanamke mwenye maneno machache, ameuliza nani aliusafisha mswada kabla yao, kwani hawakupata la kusahihisha isipokuwa koma. Nilimwandikia jina la mzee, nikaomba liwekwe ukurasa wa ndani.

Leo nimekwenda nyumbani kwa mzee. Nyumba ya vyumba viwili, safi, vitasa vya milango vimefungwa vitambaa vya rangi tofauti ili ajue choo ni kipi. Bi Funguo alifungua. Hakuwa na funguo shingoni, na bila hizo anaonekana mdogo kuliko mimi. Nilikuwa nimekuja na maneno. Akaniambia, “Ingia, dada,” nikaingia.

Nilikuwa nimebeba vifaa vyangu pia. Nilimpima mzee kinywa palepale kwenye kiti. Alikubali kama mtoto mstaarabu. Nitamtengenezea meno yanayokaa, angalau atakula.

Kisha nikamwonyesha barua. Aliisoma yote, akarudia kusoma.

“Hongera sana,” alisema. “Ni jambo kubwa hili. Mhariri wako ni nani?”

“Ni wewe, mzee.”

Akanitazama usoni kwa muda, akitafuta. Hakunipata. “Mimi?” alisema. “Basi utakuwa umengoja sana.”

Bi Funguo alikuwa jikoni. Nilisikia amefunga bomba.

“Ndiyo,” nikamwambia. “Nimengoja sana.”

Akainama mbele kidogo, akaweka mkono wake juu ya wangu, akaniomba radhi. Aliomba vizuri, kwa upole na kwa maneno kamili, kama mtu mwungwana anavyoomba radhi kwa kosa la jirani.